Pindo la Kanzu ya Buluu

Mfagiaji wa shule yetu ya msingi watoto walimwita Bibi Uzi, na sisi watu wazima tukalichukua jina hilo kwao. Shule ni ndogo: madarasa sita, ofisi moja, na uwanja ambao mpira ukipigwa kwa nguvu huvuka barabara ukaangukia kwenye kibanda changu cha ushonaji. Nimeurudisha mpira huo mara nyingi kuliko nilivyowahi kuingia shuleni kwenyewe. Watoto wetu walikuwa wameshakua tulipohamia mtaa huu, halafu mimi si mtu wa kuingia mahali penye watu. Mke wangu husema nikiulizwa jina langu nitajibu subirini nikamuulize mama watoto.

Bibi Uzi alifika kazini kabla ya walimu wote. Alikuwa mfupi, mwembamba, na alifagia darasa kuanzia ukuta wa nyuma kuja mlangoni, akisema anayeanzia mlangoni anajifungia ndani na uchafu wake. Kwenye kitambaa chake cha kichwani haikukosekana sindano iliyokwisha kutungwa uzi. Mtoto aliyekatika kifungo alimwendea kabla ya kengele, naye humwambia asimame kama nguzo, na akichomwa asije akasema bibi ana roho mbaya. Alikuwa na tabia moja ambayo mimi kama fundi niliiona mapema. Ukimsalimia, macho yake hushuka kwanza kwenye pindo la nguo yako, liwe la suruali au la gauni, ndipo yakupande usoni. Alipita kibandani kwangu kila asubuhi, na kwa muda mrefu mazungumzo yetu yote yalikuwa hayo: shikamoo, marahaba, pindo, uso.

Kila mwaka, siku ya kufunga shule kabla ya Krismasi, watoto huigiza kuzaliwa kwa Yesu, na mtaa mzima huchangia kwa kazi ya mikono. Muuza mbao huleta mbao za jukwaa. Kinyozi, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, huwanyoa waigizaji wote bure kisha hushika kipaza sauti siku nzima, na wanaomjua wanasema aliutaka uenyekiti kwa sababu ya kipaza sauti hicho. Nguo za igizo zilikuwa za Bibi Uzi. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Alikuwa nayo tangu shule ina madarasa mawili.

Mwaka juzi, mwezi wa Novemba, alilazwa hospitali kwa ajili ya macho. Kamati ikakumbuka kwamba ng'ambo ya barabara kuna fundi. Kinyozi akaniletea sanduku la bati na kuniambia nizikague kanzu, zilizochanika nizishone. Alisema kushona. Kukata hakusema.

Nilizitandaza mezani, zote saba. Kwa mtu wa kazi yangu zilitia aibu. Vitambaa vyenyewe vilikuwa vizuri, vingine vipya kabisa, lakini kila kanzu ilikuwa imeshonewa chini pindo la kitambaa kingine, kikuukuu, kilichofifia, pana kama kiganja, na limeshonwa kwa mkono. Ukiligeuza ndani unakuta nyuzi fupifupi za kila rangi, mshono mmoja hapa, mmoja pale, nyekundu, kijani, njano, kama mtu aliyekuwa akijaribu sindano. La kanzu ya buluu, anayoivaa mtoto anayeigiza Maria, ndilo lililokuwa kuukuu kuliko yote. Nikasema moyoni, maskini, kumbe macho yalimharibikia zamani. Nikachukua mkasi, nikayakata mapindo yote saba, nikapinda upya kwa cherehani, mshono mnyoofu kama mstari wa rula. Nilijisikia vizuri. Hata nilipiga mluzi.

Mabaki mimi situpi, najazia mito. Wiki hiyohiyo kamati ilitaka mto wa kukalia, uwe zawadi ya Mwalimu Mkuu, ambaye ni mtu wa mwili na mgongo humsumbua. Yale mapindo nikayakatakata vipande vya vidole viwili ili mto usiwe na mabonge, nikayashindilia humo pamoja na vipande vingine.

Siku ya sherehe ilipofika mke wangu alinivuta kwa mkono hadi kiti cha pembeni. Bibi Uzi alikuwa ametoka hospitali siku moja kabla, jicho moja limefungwa bandeji, na aliketi nyuma kabisa karibu na bomba la maji. Kabla ya igizo Mwalimu Mkuu alisimama, akapokea mto wake, akaukalia watu wakapiga makofi, akasimama tena na kusema kwamba nguo zote tunazoziona leo ni kazi ya mikono ya fundi wetu wa ng'ambo ya barabara. Makofi yakaongezeka. Watu wakageuka kunitazama. Mimi nilijua kwamba kanzu zile sikuzishona, nilizipinda tu. Ilitosha kusema maneno matano. Niliyatafuta yote matano, nikayapata, kisha nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Kinyozi akatangaza kwamba fundi wetu hapendi sifa.

Wakati watoto wanapanga mstari, nilimwona Bibi Uzi akimshika malaika mmoja aliyekuwa akipita. Alilishika pindo la kanzu yake, akaligeuza ndani, akalitazama kwa lile jicho moja. Kisha akaliachia taratibu na kumsukuma mtoto aende zake. Nilidhani anaisifu kazi yangu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyodhani.

Mwaka mzima ukapita. Shikamoo, marahaba. Macho yake yalishuka kwenye pindo la suruali yangu kama siku zote, ila sasa yalikawia huko, na mara nyingine hayakupanda tena. Nilisema ni ile operesheni.

Novemba ya mwaka jana muuza mayai wa mtaani aliingia kibandani akiwa ameshika njiti ya kiberiti iliyozungushiwa uzi wa zambarau. Aliniambia bintiye amechaguliwa kuwa malaika, na kwa kuwa siku hizi kanzu ni zangu, basi uzi ndio huu.

Nikamwuliza uzi wa nini.

"Wa pindo, fundi," alisema. "Wewe si ndiye unayeshona? Nimeuchomoa kwenye gauni langu la harusi. Huyu mtoto nimempata kwa taabu, nataka akae na gauni hilo."

Nilimtazama tu. Ndipo akaketi kwenye kigoda cha wateja na kunieleza, kama mtu anayemweleza mgeni mlango uko wapi. Kila mtoto anayevaa kanzu ya igizo, nyumbani kwao huchomoa uzi mmoja kwenye nguo wanayoipenda, nguo ya mama, ya baba, ya nyanya, wakampelekea Bibi Uzi, naye huushona ndani ya pindo, mshono mmoja tu. Kanzu ikichakaa, Bibi hulifumua pindo, akalihamishia kwenye kanzu mpya. Kwa hiyo kanzu hubadilika, pindo halibadiliki. Muuza mayai mwenyewe alikuwa mchungaji akiwa darasa la tatu, na uzi wa shati la kaka yake uko kwenye ile kanzu ya kahawia. Mwaka uliotangulia Bibi alikuwa hospitali, ndiyo maana jambo hilo lililala.

Aliendelea kuongea, akiwa na furaha, na mimi nikiwa nimeshika mkasi uleule. Alisema uzi wa kwanza kabisa ni wa kijani, uko kwenye kanzu ya buluu. Ni wa shati la marehemu mume wa Bibi Uzi. Binti yao ndiye aliyekuwa Maria wa kwanza wa shule hii, na baba yake, akiwa mgonjwa kitandani, ndiye aliyeuchomoa uzi huo mwenyewe ili naye awe amefika kwenye igizo. Hakuimaliza Januari. Sasa Bibi Uzi anastaafu mwaka huu, binti anakuja kumuaga mama yake kazini, na ameandika kwamba anataka kumwonyesha mwanawe uzi wa babu yake.

"Ila nimeshangaa," muuza mayai alisema, "nilipomgusia habari hiyo hakufurahi. Alinigeuzia mazungumzo, akaniuliza bei ya trei."

Aliponiachia ule uzi wa zambarau akatoka, niliketi mpaka mteja akaja, akagonga meza, akauliza kama nimelala. Nilikuwa nimeelewa kila kitu kwa mpigo mmoja: bandeji, malaika, pindo lililogeuzwa na kuachiwa. Alijua tangu siku ile. Alikaa nyuma na jicho lake moja akasikiliza watu wakinipigia makofi.

Mke wangu nilimweleza siku hiyohiyo. Hakunigombeza, na hilo liliniumiza zaidi. Aliuliza tu kama niliyatupa. Nikasema yamo kwenye mto. Akauliza mto gani. Nikamwambia.

"Yaani Mwalimu Mkuu ameyakalia mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

Aligeukia ukutani, mabega yakamtetemeka, na sikujua kama analia au anacheka. Kisha akasema niende nikauombe, nimweleze Bibi kabla bintiye hajafika. Ni jambo la robo saa.

Kwa mtu mwingine ni la robo saa. Mimi nilikwenda ofisini mara ya kwanza, Mwalimu Mkuu akanikaribisha kwa sauti kubwa mbele ya walimu wawili, akaniuliza nina shida gani, nikasema nimekuja kuangalia mapazia. Nikarudi na kazi ya mapazia manne. Mara ya pili nilimkuta peke yake, ameketi juu ya mto, na kabla sijafungua kinywa akaanza kunishukuru. Alisema tangu apate mto ule mgongo umemwachia, kwamba vipande nilivyotia ndani lazima ni vya aina yake. Nikasema ndiyo, ni vya aina yake. Nikaaga. Kwenye baraza ya ofisi nilimpita Bibi Uzi akifagia, nikamwamkia, akaitikia, macho yakashuka kwenye suruali yangu, yakabaki hukohuko. Ningeweza kusema pale. Hapakuwa na mtu mwingine. Nilisimama mpaka akaniambia kwa upole nisogeze mguu, apitishe ufagio.

Basi siku ya sherehe ikafika na sikuwa nimesema lolote. Turubai lilifungwa uwanjani, viti vikapangwa, na mbele kabisa Mwalimu Mkuu akaletewa kiti chake cha ofisini pamoja na mto. Binti wa Bibi Uzi alikuwa amefika asubuhi hiyo, mwanamke mrefu mwenye sauti ya mama yake, na mtoto wa kike wa miaka kama mitano magotini. Watoto wa igizo walisimama kando ya jukwaa na kanzu zao, mapindo yangu yakiwa yamenyooka chini yao. Nilimwona binti huyo akimwonyesha mwanawe kanzu ya buluu kwa kidole, akimnong'oneza. Bibi Uzi alikuwa akitazama pengine.

Kinyozi alisema kabla ya igizo tumuage mama yetu. Wakamkabidhi saa ya ukutani. Mwalimu Mkuu akamshukuru kwa usafi. Alizungumza juu ya madarasa, madirisha, vyoo, ufagio, miaka yote hiyo ya ufagio. Kuhusu kanzu hakusema neno, na nilijua kwa nini. Mwaka uliotangulia alikuwa amezitolea shukrani kwangu. Bibi Uzi alipokea saa kwa mikono miwili, akarudi kuketi. Binti yake alimtazama mama yake, kisha akamtazama Mwalimu Mkuu, kama mtu anayengoja maneno mengine yaje.

Kinyozi akasema sasa fundi wetu, mtu asiyependa sifa, aje aseme japo neno moja kwa niaba ya majirani. Ulikuwa utani. Kila mtu alijua sitakwenda, na watu walikwisha kuanza kucheka. Mke wangu hakunisukuma. Aliuondoa mkono wake uliokuwa juu ya wangu, basi.

Nilisimama. Sikwenda kwenye kipaza sauti, nilikwenda mbele ya kiti cha Mwalimu Mkuu. Nikamwambia, "Mwalimu, naomba usimame."

Hakusikia. Kinyozi aliyekuwa karibu ndiye aliyesikia, na kwa mazoea akarudia kwenye kipaza sauti, "Anasema Mwalimu asimame."

Watu wakacheka sana. Mwalimu Mkuu naye akicheka akasimama. Niliuchukua mto, ungali na joto lake, nikapiga magoti, nikatoa mkasi mdogo wa mfukoni nikaufumua. Vicheko vikaanza kukatika kimoja kimoja. Nilimwaga vipande kwenye mkeka wa jukwaa, nikasema nilichokuwa nacho, nikiwa nimeinama, kwa sauti yangu ambayo haifiki mbali. Na kinyozi, sijui kama alikuwa ameelewa alichokuwa akikifanya, alikipeleka chote hadi bomba la maji.

"Anasema kanzu hizi si kazi yake. Ni za Bibi Uzi. Anasema mwaka jana aliyakata mapindo. Yote." Akashusha kipaza sauti, akaniuliza polepole, "Yote, fundi?" Nikaitikia kwa kichwa. Akakipandisha tena. "Yote. Anasema hakujua. Lakini mwezi mzima sasa anajua, na alinyamaza."

Hivyo nilikiri kwa kinywa cha kinyozi. Mpaka leo watoto wakinitania hunirudia kwa sauti yake.

Hakuna aliyenipigia kelele. Nilitamani angalau mtu mmoja anipigie. Watu walisimama kwenye viti vyao, na baadhi wakaja mbele, wakachuchumaa kwenye mkeka. Muuza mayai alikuwa wa kwanza. Akachambua vipande vya kahawia, akapata wake, uzi mwembamba mweupe, akakaa nao kiganjani. Muuza mbao, mtu wa sura ngumu, alikuwa akigeuza vipande kwa kidole kimoja kama anayeogopa vitamuuma. Malaika na wachungaji wakasogea nao, na mwalimu wao hakuwazuia.

Bibi Uzi alikuja mwisho, ameshikwa mkono na bintiye. Aliketi kwenye mkeka, akavikusanya vipande vya buluu vilivyofifia mapajani mwake, akawa anavipapasa kimoja baada ya kingine, kwa sababu macho hayakuwa yamerudi yote. Tulingoja. Mjukuu wake aliuliza babu yuko wapi, akaambiwa asubiri.

Aliupata. Alikinyanyua kipande kile kwenye mwanga na mimi nikaona kabla hajasema. Mkasi wangu ulikuwa umepita juu yake. Uzi wa kijani ulikuwa nusu, na ile nusu nyingine, kwenye ukingo wa kipande kingine, ilikuwa imeshafumuka na kupotea kati ya mabaki.

"Umemkata katikati, fundi," alisema.

Nilisema, "Mama, kwa nini hukuniuliza?"

"Nilijua umekata. Nilichokuwa sijui ni kama umetupa." Aliendelea kukitazama kipande. "Nikiuliza ukaniambia umetupa, ningefanyaje? Nikaona bora nisiulize, nibaki na ile kwamba labda."

Binti yake alimpa mtoto kile kipande akishike. Mtoto akauliza mbona kidogo. Mama yake akamwambia ni kidogo lakini ni yeye.

Igizo lilifanyika siku hiyo, limechelewa, na mtoto aliyekuwa Maria alisahau maneno yake kwa sababu alikuwa akitazama chini, kwenye pindo. Mimi nililitazama nikiwa nimesimama karibu na bomba. Vile viti vya mbele sikuona kama vinanifaa.

Kabla ya watu kutawanyika Bibi Uzi aliniita. Alisema vipande vyote nivitie kwenye lile sanduku la bati, nimpelekee nyumbani kwake Jumamosi. Nije na sindano. Cherehani niiache.

Tangu hapo nakwenda kila Jumamosi mchana. Chumba chake kina dirisha moja, nasi huketi chini yake, yeye kwenye kiti, mimi kwenye mkeka. Yeye huvipapasa vipande na kuniambia hiki kilikuwa jirani ya hiki, huyu mtoto alikuwa na kigugumizi, huyu alilia jukwaani, huyu sasa ni daktari wa mifugo. Mimi naunga. Mshono wangu wa mkono si mzuri. Nilijifunza ufundi juu ya mashine. Akiupapasa na kuuona umekwenda mbio, ananiambia fumua, nami nafumua. Tumemaliza kanzu sita. Ya buluu aliiacha ya mwisho, tumeianza mwezi uliopita.

Siku tulipoianza nilimwuliza niunge kwa uzi wa rangi gani ili alama ya mkasi isionekane.

"Unataka isionekane?"

Nikaiweka sindano chini.

"Chomoa kwenye shati lako," alisema. "Kila ulipokata, unga kwa huo. Atakayeligeuza pindo aone nani alipita hapa."

Nilivaa shati la kijivu siku hiyo. Nilichomoa uzi kwenye upindo wa chini, nikaulamba, nikautunga. Yeye hakuwahi kuniambia kwamba yamekwisha, na mimi sijamwuliza. Nikifika humwamkia, huitikia, macho yakashuka kwenye suruali yangu, na ndani ya wiki hizi yamepanda usoni mara mbili. Mke wangu analalamika kwamba shati limeanza kufumuka chini, linaning'inia, nilipinde jamani, mimi ni fundi. Namwambia bado nalihitaji.